Shujaa Asiyekufa na Mtoto wa Buyenzi

Hivi karibuni gari letu liliharibika, nasi tukalipeleka Buyenzi, maana hapa Bujumbura hakuna asiyejua kwamba gari lililoshindikana kwingine hutafutiwa dawa kwa mafundi wa mtaa huo. Tulipokuwa tukingoja, tuliketi barazani pa nyumba iliyo jirani na gereji, ambapo watoto kama kumi walikuwa wamekusanyika mbele ya televisheni wakitazama katuni za mapigano. Mmoja wao, mwenye umri usiozidi miaka minane, aliyatazama magwanda yetu, akatuamkia kwa adabu, kisha akauliza: "Afande, askari akifa, anarudi lini?"

Wenzake hawakucheka. Wote walitugeukia wakingoja jibu. Hapo tulifahamu kwamba swali lile halikuwa mzaha, na kwamba jambo zito la mauti mtoto yule amekwisha kufundishwa na mwingine kabla yetu sisi wazazi na walezi.

Swali hilo lina chimbuko lake. Katika Dragon Ball, katuni ya Kijapani iliyotokana na vitabu vya picha alivyoanza kuvichora Akira Toriyama mwaka 1984, yapo matufe saba ya ajabu. Anayeyakusanya yote huliita joka, nalo humtimizia haja yake, hata kumfufua aliyekufa. Shujaa Goku mwenyewe alikufa akarudi, akafa tena, akarudi tena. Katuni hiyo ilianza kuonyeshwa Ufaransa mwaka 1988, na kwa njia ya Kifaransa ikawafikia watoto wengi wa Afrika. Toriyama alifariki dunia Machi 2024, na hakuna joka lililomrudisha.

Wamarekani nao walitoa G.I. Joe. Jina hilo kwanza lilikuwa la mwanasesere askari, aliyeuzwa na kampuni ya Hasbro tangu mwaka 1964, na katuni ya miaka ya 1980 iliwasaidia wenye kampuni kuuza wanasesere zaidi. Humo ndege hutunguliwa angani, lakini rubani huonekana akishuka salama kwa mwavuli. Risasi ni miali ya rangi, mwekundu kwa hawa na wa buluu kwa wale. Pengine watengenezaji walitaka kumwepusha mtoto na damu, na nia hiyo hatuilaumu. Lakini walichomwonyesha ni vita visivyo na kaburi, na hakuna vita vinavyomvutia mtoto kuliko hivyo.

Sisi tuliopitia chuo cha maofisa tulifundishwa kusoma ramani, kutumia silaha na kuongoza watu. Kazi ambayo hakuna mwalimu aliyeweza kutufundisha ipasavyo ni ile ya kubisha hodi kwa mama wa watu na kumwambia kwamba mumewe hatarudi. Majeshi ya Burundi yaliingia Somalia mwishoni mwa mwaka 2007 chini ya Umoja wa Afrika, yakakaa huko kwa zaidi ya miaka 15. Mwezi Mei 2022 kambi yao ya El Baraf ilishambuliwa, na askari wetu wakapoteza maisha. Watoto wao hawana matufe saba ya kukusanya.

Tena kuna jambo kubwa zaidi, ambalo mtu wa nchi hii hapaswi kulisahau. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993, walikuwako watoto waliobebeshwa bunduki. Vita vilipokuwa vikifikia kikomo, watoto wapatao 3,000 waliondolewa katika safu za wapiganaji na kurejeshwa kwao. Anayetaka kumtia mtoto vitani hutafuta nini kwake? Si nguvu, maana hana. Hutafuta ule moyo usiojua kwamba aliyekufa harudi. Kwa hiyo twasema waziwazi: mtoto aliyefundishwa kwamba mauti ni safari ya kwenda na kurudi ni askari rahisi kupatikana.

Je, tuzizime televisheni? La hasha. Sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tulizitazama katuni hizo, tukarukaruka uani kwa fimbo za mianzi, na hatukuharibika kwa sababu hiyo pekee. Zaidi ya hayo, si katuni zote zilizo sawa.

Katika Naruto, ambayo nayo ni ya Kijapani, watoto wa miaka kumi na miwili hutumwa kazi za hatari. Lakini mapema kabisa katika hadithi hiyo, kijana Haku, aliyelelewa ili awe chombo cha bwana wake, afa akimkinga bwana huyo kwa mwili wake, na bwana aliyejifanya hana moyo alia machozi. Katika Fullmetal Alchemist, kazi ya mama mmoja aitwaye Hiromu Arakawa, ndugu wawili wajaribu kumfufua mama yao. Mmoja apoteza mkono na mguu, mwingine apoteza mwili mzima, na mama harudi. Humo pia mna maofisa wa jeshi waliowaua raia kwa amri, wasiopata usingizi mwema tena. Ofisa yeyote angefaidika kuitazama.

Kipimo hicho tukitumie pia kwa mashujaa wa kwetu. Mwaka 2023 Malenga Mulendema wa Zambia alitoa Supa Team 4, ambamo wasichana wanne wa Lusaka hupambana na waovu huku wakisoma shule. Twafurahi kumwona shujaa mwenye sura ya binti zetu. Hata hivyo, sura peke yake haitoshi. Naye tumuulize kama twawauliza wageni: pigo lako lina gharama gani, na nani aliilipa?

Yule mtoto tulimjibu, "Harudi, mwanangu." Akauliza, "Hata akiwa shujaa?" Tukamwambia, "Hata akiwa shujaa. Ndiyo maana askari mwema hufurahi siku inapopita bila risasi kulia." Alinyamaza kitambo, kisha akageukia televisheni. Hatujui kama alituamini kuliko alivyoliamini joka.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, wazazi wa Buyenzi na wa mitaa mingine yote, twawaomba jambo dogo. Jioni ya leo mketi kando ya mtoto wakati katuni yake inapoonyeshwa. Msimkemee, wala msimnyang'anye furaha yake. Mapigano yakiisha, mwulizeni: ni nani aliyeumia, ni nani anayemlilia, na ni nani atakayewalisha watoto wake? Tusipomwuliza sisi nyumbani, siku moja atakuja mtu mwenye bunduki ya ziada, naye hatamwuliza lolote.