Kalamu ni Amana: Tahariri ya Maji ya Handeni

Vijana wengi wa Kiislamu hupenda kuandika juu ya shida za miji yao, nalo ni jambo la kheri. Lakini uchungu wa mwandishi peke yake haumshawishi msomaji. Juma hili tunaeleza namna tahariri inavyojengwa, na mfano wetu ni maji ya Handeni.

Kwanza, chagua hoja moja. Handeni ina mambo mengi ya kuandikwa: barabara, ardhi, shule. Anayeyataja yote katika safu moja hakumbukwi kwa lolote. Basi hoja yetu iwe hii: familia za Handeni zijulishwe mapema siku za mgao wa maji, na ratiba hiyo ifuatwe.

Pili, thibitisha. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Kuandika kwamba "wananchi wanateseka" si ushahidi. Nenda ukaulize nyumba kumi: dumu la lita 20 linauzwa kiasi gani? Mama anaamka saa ngapi kwenda kuteka? Binti amekosa vipindi vingapi juma hili? Andika ulichokiona, bila kuongeza wala kupunguza. Tarakimu moja ya uongo ikigunduliwa, kumi za kweli hazitaaminiwa tena, na atakayepata hasara ni yule mama mwenye dumu.

Tatu, mfanyie uadilifu unayemlaumu. Bomba kuu la Handeni, maarufu kwa jina la HTM, huchukua maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe, na mradi huo ni wa tangu miaka ya 1970. Kusukuma maji masafa hayo kunahitaji umeme, mitambo na matengenezo. Handeni na Korogwe zimo pia katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa India wa dola milioni 500. Mwandishi anayeyaficha haya hujibiwa kwa sentensi moja, na hoja yake huanguka. Anayeyataja mwenyewe huweza kusema: tumekubali kwamba kazi ni kubwa, lakini kutangaza ratiba hakungoji bomba jipya. Wala tusiwasahau ndugu zetu wa Korogwe, ambao mto huo ndio tegemeo lao. Tusiandike kana kwamba wao ni wapinzani wetu.

Nne, anza na nafsi yako. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, hakuwalaumu wakoloni peke yao. Aliwakemea Waislamu wenzake kwa kupuuza elimu na kwa kuiga mambo bila kupima. Surat an-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie haki hata dhidi ya nafsi zetu. Basi tujiulize: misikiti yetu mingapi ina matangi ya kuvunia maji ya mvua? Mabomba mangapi yanavuja mtaani kwetu nasi tunayapita?

Tano, omba jambo linalotendeka, na umtaje mwenye kulitenda kwa cheo chake. Kusema "wahusika wachukue hatua" ni kutomwambia mtu yeyote.

Mwisho, tujihadhari na neno "sisi". Tahariri husema "sisi" kwa kuwa gazeti zima limebeba dhamana ya maneno yale. Neno hilo si ruhusa ya kuwasemea watu wasilolisema, wala si pazia la kujificha nyuma yake na kutukana. Surat an-Nahl, aya ya 125, imekwisha tuonesha njia: hekima na mawaidha mema.

Enyi wazazi, wapeni watoto wenu kazi hii baada ya Isha. Waandike, kisha wamsomee kwa sauti yule anayeteka maji nyumbani. Akisema, "Hapa umezidisha," wafute. Akisema, "Ndivyo ilivyo," wailete kwetu.

Wabillahi Tawfiq.