Kabla ya Kumpiga Mtu Picha, Bisha Hodi

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Usemi huu ndio ngao ya wengi miongoni mwa wale wanaozunguka katika barabara za miji yetu wakiwa na kamera mkononi, wakizinasa nyuso za watu wasiowajua. Ukimwuliza mmoja wao kwa nini amempiga picha mama anayeuza ndizi bila ya kumwomba ruhusa, atakujibu kwamba barabara ni ya umma, kwamba mama mwenyewe amejitokeza hadharani, na kwamba hakuna sheria inayowakataza watu kutazamana.

Lakini wahenga hao hao walinena pia kwamba uso umeumbwa na haya. Nami nashikilia kwamba methali hii ya pili ndiyo inayofaa kuongoza shughuli ya kupiga picha katika nchi yetu. Jicho halina pazia, naam. Hata hivyo, jicho halimbebi mtu likampeleka asikokujua. Anayekutazama njiani huwa amekwisha kukusahau afikapo kwenye kona. Kamera haisahau. Huutwaa uso wako na kuuhifadhi, na mwenye kamera akawa na uwezo wa kuuonyesha, kuuchapisha, kuuuza au kuufanyia mzaha, leo au baada ya miaka 20, nawe huna habari.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Wasomaji waliopata kuvuka kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990 watakumbuka vibanda vya wapiga picha vilivyokuwa karibu na feri, vimepambwa kwa mapazia, maua ya plastiki na michoro ya meli na majumba. Mteja alikwenda mwenyewe kwa hiari yake. Alichagua nguo, akachagua mandhari, akakaa alivyotaka, akalipa, na picha ilipokuwa tayari akaichukua na kuituma kwao bara. Mwenye uso ndiye aliyekuwa mwenye picha. Leo simu ya mkononi imemfanya kila mtu kuwa mpiga picha, na aliyepigwa picha aghalabu ndiye mtu wa mwisho kuiona, ikiwa ataiona kabisa.

Isitoshe, madhara yanayoweza kumfika yamezidi. Ziko programu za kompyuta zinazoweza kuutambua uso wa mtu mmoja kati ya mamilioni, na nyingine zinazoweza kuupachika uso huo juu ya mwili wa mtu mwingine akaonekana akitenda asiyoyatenda. Wakati wa maandamano ya vijana ya Juni mwaka wa 2024, wengi waliombana wasizichapishe nyuso za wenzao, kwa kuwa picha moja tu ingeweza kumfichua mtu kwa wanaomtafuta. Kwa hivyo, suala la ruhusa si la adabu pekee. Ni suala la usalama wa mtu na riziki yake.

Sheria zetu hazikulala. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kifungu cha 28 kinataka utu wake uheshimiwe. Bunge nalo lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka wa 2019, na picha inayomtambulisha mtu huhesabiwa chini yake kuwa ni habari zake za kibinafsi. Mnamo Septemba mwaka wa 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza kuitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi wao, na mahali pamoja pa burudani Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ya ridhaa yake. Hizo si fedha za mchezo.

Hata hivyo, sheria hiyo imeacha nafasi kwa kazi za uanahabari, fasihi na sanaa, na haiingilii shughuli za mtu za kibinafsi na za nyumbani kwake. Huko ng'ambo nako mahakama hazijaafikiana. Mnamo mwaka wa 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba msichana wa miaka 17, aliyepigwa picha akiwa ameketi kwenye ngazi za jengo moja mjini Montreal na picha yake ikachapishwa katika jarida bila ya yeye kuulizwa, alistahili kulipwa dola 2,000. Huko New York mambo yakawa kinyume. Msanii Philip-Lorca diCorcia aliwapiga picha wapita njia katika uwanja wa Times Square, kati ya mwaka wa 1999 na 2001, kwa taa zilizofichwa, wasijue kinachoendelea. Mzee mmoja wa Kiyahudi, ambaye imani yake haikumruhusu kuikubali picha ile, alishtaki alipogundua kwamba uso wake ulikuwa ukiuzwa kwa maelfu ya dola. Mwaka wa 2006 mahakama iliitupilia mbali kesi yake kwa hoja kwamba sanaa inalindwa na uhuru wa kujieleza.

Ninachojifunza kutokana na hukumu hizo mbili ni kwamba sheria hushughulika na nani alipwe baada ya jambo kutendeka. Mzee yule wa New York alishindwa kortini, lakini je, hakukosewa? Kama angeulizwa pale pale barabarani, angekataa, msanii angemgeukia mwingine kati ya maelfu waliokuwa wakipita, na sanaa isingepungukiwa na kitu.

Hapa sina budi kutenganisha mambo mawili, nisije nikaeleweka vibaya. Iko picha ya tukio na iko picha ya mtu. Askari anayempiga raia rungu barabarani hastahili kuombwa ruhusa, wala kiongozi anayegawa fedha za kampeni usiku, wala dereva wa matatu anayepita juu ya njia ya waendao kwa miguu. Hao wamepigwa picha kwa ajili ya walilolitenda, na umma una haki ya kulijua. Atakayeitumia hoja yangu kuwanyang'anya wanahabari kamera zao atakuwa ananisingizia. Ninayoizungumzia mimi ni picha ambayo mtu mwenyewe ndiye mada yake: makunyanzi yake, macho yake, umaskini wake, uzuri wake. Huyo hakutenda jambo. Yeye yupo tu, na tunachokitaka ni uso wake.

Tena tujiulize kwa unyofu ni nani anayepigwa picha bila ya kuulizwa. Ni nadra kumwona kijana mwenye kamera akimsogelea meneja wa benki anayekula chakula cha mchana na kumpiga picha kwa karibu. Anayepigwa ni mchuuzi, chokoraa, kichaa, mkongwe wa kijijini, Mmaasai mwenye shanga, na mama wa Turkana aliyempakata mtoto mwenye njaa. Tunawaomba ruhusa wale wanaoweza kutushtaki na kuwanyima wale wasioweza. Huo si usanii. Ni dhuluma ya mwenye nguvu kwa mnyonge.

Tulipotendewa sisi, tuliyahisi machungu yake. Mnamo Januari 15, 2019, magaidi walipoishambulia hoteli ya DusitD2 mtaani Riverside, Nairobi, na kuwaua watu 21, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya maiti wakiwa wameinamia meza zao. Wakenya walighadhibika, na Baraza la Vyombo vya Habari likataka picha hiyo iondolewe. Wengi waliuliza kama gazeti hilo lingewaonyesha maiti wa kwao namna ile. Swali lilikuwa la haki. Lakini swali hilo hilo linatuhusu sisi wenyewe tunapokimbilia simu kwenye ajali ya barabarani kabla ya kukimbilia majeruhi.

Uko mfano mwingine unaojulikana kote. Mwaka wa 1984 mpiga picha Mmarekani, Steve McCurry, alimpiga picha msichana mkimbizi kutoka Afghanistan katika kambi iliyokuwa karibu na Peshawar, Pakistan. Picha hiyo ilipambwa kwenye jalada la jarida la National Geographic mnamo Juni mwaka wa 1985, ikawa maarufu duniani. Mwenyewe, Sharbat Gula, hakuiona hadi mwaka wa 2002 alipotafutwa na kupatikana. Kwa muda wa miaka 17 uso wake ulizunguka ulimwengu pasi na jina lake. Sisemi kwamba picha ile haikuwa na manufaa, maana iliamsha huruma ya wengi kwa wakimbizi. Nasema tu kwamba mwenye uso alikuwa wa mwisho kupata habari.

Wapiga picha wana hoja moja ambayo si ya kudharauliwa. Wao husema kwamba ukimwomba mtu ruhusa, uso wake hubadilika. Hujikaza, hutabasamu tabasamu la bandia, na ule uhalisia uliokuvutia hutoweka. Ni kweli kwamba hubadilika. Lakini nilipata kushuhudia, katika bustani ya Mama Ngina mjini Mombasa, kijana mmoja akimwendea mzee muuza kahawa.

"Shikamoo, baba," alianza.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba ruhusa nikupige picha. Nawapiga wazee wauzao kahawa mjini."

"Utaipeleka wapi?"

"Kwenye maonyesho ya chuoni. Nawe nitakuletea nakala yako."

"Na nikikwambia sitaki?"

"Nitakunywa kahawa yangu, nikulipe, niende zangu."

Mzee alicheka, akaiweka kofia yake sawa, kisha akasema: "Basi ngoja kwanza nivae koti."

Hapana shaka picha iliyopigwa haikuwa ile aliyoiona kijana kwa mbali. Lakini ni nani aliyetuambia kwamba mzee asiye na habari ndiye mzee halisi, na mzee aliyevaa koti ni wa bandia? Kutaka kuonekana nadhifu ni sehemu ya utu wake. Na kama mpiga picha aliupenda mno ule wakati wa kwanza, hapana kinachomzuia kupiga kisha akamwendea mwenyewe, akamwonyesha, na kuifuta iwapo atakataa.

Maswali mawili ya mzee yule ndiyo msingi wa ruhusa yoyote: picha itakwenda wapi, na je, ninaweza kukataa? Ruhusa isiyojibu maswali hayo ni jina tu. Katikati ya mwaka wa 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni, wengine katika jumba la KICC, ili mboni za macho yao zipigwe picha na mashine za Worldcoin kwa ahadi ya sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban Sh7,000. Waliulizwa, na wakakubali. Serikali ilisitisha shughuli hiyo Agosti 2, 2023, na mnamo Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba data hizo zilikusanywa kinyume cha sheria, ikaamuru zifutwe. "Ndiyo" ya mwenye njaa asiyeelezwa kitu si ridhaa. Vivyo hivyo, mtalii anayemtupia mtoto noti kisha akampiga picha hajaomba ruhusa, maana mtoto hana uwezo wa kuitoa. Ni mzazi au mlezi wake anayepaswa kuulizwa.

Ningependa kuyahimiza mashirika ya misaada, shule, makanisa na misikiti, na wahariri wenzangu wanaochagua picha za kurasa zetu, waulize kila mara kama mwenye uso alijua na akakubali. Vyuo vinavyofundisha uanahabari vifundishe jinsi ya kuomba kama vinavyofundisha jinsi ya kurekebisha mwanga. Nao vijana wanaojipatia riziki kwa kamera, ambao bidii yao naiheshimu, wasiione ruhusa kuwa ni kikwazo. Anayeombwa vyema leo atamkaribisha kesho mpiga picha mwingine, ilhali aliyeibiwa uso wake atamfukuza kila aonekanaye na kamera.

Hatuingii nyumba ya jirani bila ya kubisha hodi, hata tukiukuta mlango wazi. Tukisikia "karibu" tunaingia, na tukisikia kimya baada ya hodi ya tatu tunarudi tulikotoka. Sioni kwa nini tuuheshimu mlango wa mbao kuliko tunavyouheshimu uso wa mwenye nyumba.