Herufi Zinazotembea: Nukta Zisianguke Njiani



Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu mnaousoma ukurasa huu pamoja na watoto wenu, wiki hii tunajibu suala lililotufikia kutoka bara, katika mji wa Machakos.

Aliyetuandikia ni mwalimu wa madrasa. Anaeleza kwamba wanafunzi wake wametawanyika: wengine wako mjini Machakos, wengine Athi River, wengine Kangundo na Tala, nao hukutana mwisho wa wiki tu. Katikati ya wiki mtoto husahau. Basi mwalimu huyu, kwa programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP, ametengeneza vipicha vya kutembea vinavyoonyesha kalamu ikiandika alifu, bee, tee na kuendelea, na kimoja kinachoonyesha shahada neno baada ya neno, ili wazazi wawaonyeshe watoto katika simu. Vipicha vya mwanzo vilikuwa vizito, wazazi wakalalamika kwamba bando linakwisha. Alipovipunguza ukubwa, watoto wakaanza kuisoma thee kuwa tee. Mzazi mmoja naye akamwambia kwamba huu ni mchezo usiofaa kuingizwa katika dini, na wengine, kinyume chake, wanamtaka aongeze picha za watoto wenyewe. Anauliza: aendelee au aache?

Jawabu letu ni kwamba aendelee, lakini kazi hiyo aishike kama amana.

Chombo na kinachobebwa

Machakos si mgeni wa Uislamu. Kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899, misafara ya watu wa pwani ilikuwa ikipita Ukambani. Hata hivyo Waislamu wa huko ni wachache kati ya majirani zao, na si kila nyumba iliyo karibu na msikiti ambamo mtoto atasikia herufi zikisomwa kila jioni. Katika hali hiyo, kinachomfikishia mtoto herufi nyumbani kwao ni msaada, wala hakistahili kudharauliwa kwa kuwa kimepitia katika simu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliichukua mashine ya kuchapa akaitumikisha katika mafundisho ya dini. Chombo hufuata hukumu ya kile kinachobebwa ndani yake.

Ama kuhusu picha za viumbe wenye roho, wanazuoni wamekhitalifiana, na ukurasa huu hautoshi kuyaeleza maneno yao yote. Lakini herufi, kalamu, mti na jengo la msikiti havimo katika mgogoro huo. Mwalimu akijifunga na hivyo, amejiepusha na shaka.

Uzito hupunguzwa kwa utaratibu

Kipicha cha kutembea ni mfululizo wa picha tuli zinazopishana upesi, na kila moja huitwa fremu. Aina ya faili inayotumiwa sana kwa kazi hii ni GIF, iliyotolewa na kampuni ya CompuServe ya Marekani mwaka 1987. Ni aina ya zamani yenye mipaka: kila fremu haibebi zaidi ya rangi 256. Ndiyo maana picha ya kamera ikigeuzwa GIF huwa nzito na rangi zake hufifia, ilhali mchoro wa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe hukaa humo bila taabu.

Tutazame hesabu. Picha yenye upana wa vitone 480 na kimo cha vitone 480 ina vitone 230,400. Ukiwa na fremu 20, umefika vitone 4,608,000, na kila kitone huchukua baiti moja kabla programu haijaishindilia faili. Mwenye haraka huupunguza upana na kimo kuwa 240 kwa 240, naye hupata robo tu ya uzito ule. Faida ni kubwa, lakini hapo ndipo nukta tatu za thee zinapogandana na kuwa doa moja, na mtoto hana tena njia ya kuitofautisha na tee.

Kwa hiyo tunapendekeza utaratibu huu. Kwanza, zipunguzwe fremu. Herufi jiim haihitaji fremu 20 ili kuandikika. 10 zatosha, na uzito umeshuka kwa nusu bila nukta kuguswa. Pili, zipunguzwe rangi. Programu inapoigeuza picha kuwa ya rangi zilizohesabiwa, iambiwe rangi 8 au 16. Hapo pana tahadhari: programu huweza kutawanya vitone ili kuigiza rangi isiyokuwapo. Uchaguzi huo uzimwe kabisa, kwani kitone kimoja kilichotupwa chini ya herufi chaweza kuonekana kuwa nukta ya bee. Tatu, itumiwe amri ya GIMP ya kuipunguza GIF, ambayo huhifadhi katika kila fremu sehemu iliyobadilika tu. Kuupunguza upana na kimo kuwe jambo la mwisho, tena kidogo kidogo, huku kikitazamwa katika simu ndogo aliyo nayo mzazi na si katika kioo kipana cha kompyuta.

Baada ya hayo hutumiwa amri ya Export As, faili hupewa jina linaloishia na .gif, na kisanduku cha As animation hutiwa alama. Kikisahauliwa kisanduku hicho, hutoka picha moja isiyotembea. Faili la asili lenye matabaka yote lihifadhiwe kando, ili kosa likionekana lisahihishwe bila kuanza upya. Na mwenye kutuma kwa WhatsApp ajue kwamba mtandao huo huigeuza GIF kuwa video fupi isiyo na sauti. Kwa hiyo akague kile kinachompokelea mzazi, kwa kujitumia mwenyewe kwanza au kumtumia jirani.

Tusiione hadhari hii juu ya nukta kuwa ni wasiwasi. Wasimulizi wa historia ya mas-hafu wanatueleza kwamba maandishi ya mwanzo hayakuwa na nukta wala irabu, na Waarabu waliyasoma kwa ujuzi wa ulimi wao. Uislamu ulipowafikia watu wa lugha nyingine, ndipo Abul Aswad ad-Duali, aliyefariki mwaka 69 wa Hijra, alipoweka alama za irabu. Na katika zama za Hajjaj, Nasr bin Asim na Yahya bin Yaamar wanatajwa kuwa ndio waliozipambanua herufi kwa nukta. Nukta ziliwekwa kwa ajili ya watu mfano wetu, wa Mombasa na wa Machakos, ambao Kiarabu si lugha tuliyonyonya. Haifai sisi tulioletewa msaada huo tuwe ndio wa kuuangusha kwa ajili ya wepesi wa faili.

Kipicha kisisimame pasiposimamwa

Jambo zito kuliko yote katika barua ya mwalimu ni kipicha cha shahada, ambalo yeye hakuliuliza. Kila aliyesoma tajwidi anaijua elimu ya wakfu, yaani vituo. Kuna mahali ambapo msomaji akisimama huigeuza maana. Aya ya 4 ya Suratul Maun ni mfano wanaoutoa walimu wote: msomaji akiishia hapo na kwenda zake, itadhaniwa kuwa wanaoonywa ni wanaoswali, hali aya ya 5 ndiyo inayobainisha kuwa ni wale wanaoghafilika na swala zao.

Sasa tuitazame shahada inayotokea neno baada ya neno. Simu nyingi zimewekwa zisiichezeshe picha mpaka mwenyewe aibonyeze, ili kuokoa bando. Kinachoonekana wakati huo aghlabu ni fremu ya kwanza. Na mtandao ukikatika, picha husimama popote ilipofika. Ikiwa imesimama kwenye maneno "Laa ilaaha" peke yake, kioo kinamwambia mtoto: hapana mungu. Ni sentensi ya kukanusha bila kuthibitisha, nayo ni kinyume cha kile mwalimu alichokusudia.

Dawa yake ni nyepesi. Katika GIMP, tabaka la chini kabisa ndilo fremu ya kwanza. Basi shahada nzima iwekwe katika tabaka hilo, na nzima tena katika tabaka la juu kabisa. Muda wa fremu huandikwa katika jina la tabaka, kati ya mabano, kwa elfu za sekunde. Fremu hizo mbili zipewe (3000ms), ambazo ni sekunde 3 kila moja. Na katikati, maneno yasiyotengana yasitenganishwe: "Laa ilaaha illa Llaah" itokee kwa pamoja, na herufi zinazofundishwa zigeuzwe rangi moja baada ya nyingine. Hapo popote picha itakaposimama, maneno yamekamilika.

Vilevile maandishi yote yalinganishwe na msahafu kabla ya kutumwa. Programu nyingine, zisipoandaliwa kwa lugha ya Kiarabu, huzitenga herufi na kuzipanga kutoka kushoto. Na tujiepushe na maandishi yanayometa upesi upesi: miongozo ya kimataifa inakataza mmweko unaozidi mara tatu kwa sekunde, kwa kuwa huweza kumwamsha kifafa mwenye maradhi hayo.

Picha za watoto

Wazazi wanaotaka nyuso za watoto zitiwe humo tunawaomba wasite. Kipicha kilichotumwa katika kundi moja hakirudi. Hunakiliwa na kuzunguka mahali ambapo mzazi hapajui. Sheria nayo imo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Heshima ya mtoto wa kike na wa kiume ni amana kabla ya kuwa suala la faini. Mkono unaoshika kalamu watosha, na kalamu peke yake ni bora zaidi.

Mama zetu mnaopokea vipicha hivi, nanyi mna sehemu yenu: msikisambaze kabla ya kukisoma mpaka mwisho, na mkiona kosa mwambieni aliyetengeneza kwa siri na kwa upole. Huenda herufi moja iliyoandikwa sawasawa ikamfikia mtoto wa Kangundo, naye akaifundisha kwa mwanawe, na thawabu ikaendelea kumfikia mwalimu aliyeianza. Twamuomba Mwenyezi Mungu amtakabalie mwalimu huyu jitihada yake, azifungue nyoyo za wanafunzi wake, na atujaalie sote kuyafikisha maneno Yake kama yalivyotufikia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.