Kompyuta Kuukuu si ya Kutupwa

Katika nyumba nyingi za mijini leo kuna kompyuta mpakato iliyokwisha kustaafishwa. Imewekwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na kila afanyaye usafi huipangusa vumbi na kuirudisha pale pale. Ukiuliza habari zake utaambiwa, "Hiyo imekufa." Wengine watasema haikufa, ila imekuwa nzito mno: ukiiwasha asubuhi, chai huchemka, ikanywewa na vikombe vikaoshwa, nayo bado haijawa tayari. Wakati huo huo mtoto wa kidato cha tatu anasomea kwenye simu ya mama yake, na mama naye anaingoja simu hiyo hiyo ili ajibu wateja wake wa vitenge.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mashine hiyo ya juu ya kabati. Nataka kukueleza jinsi ya kuirudisha kazini kwa mfumo uitwao Linux, ambao haununuliwi kwa fedha. Lakini kabla ya hayo sina budi kukusimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ambalo hadi leo sijaweza kulilipa.

Mwaka mmoja hivi baada ya mama yetu kufariki, kompyuta ya nyumbani iligoma. Ukiiwasha, huonyesha kioo cha buluu, ikajizima, ikawaka tena, ikajizima tena. Humo ndani mlikuwa na hesabu za nyumba, barua za kazi, picha za harusi mbili, na sauti ya mama. Zilikuwa dakika ishirini hivi, akiwasimulia wajukuu safari yake ya kwanza ya treni, alipotoka Kigoma kuja Dar es Salaam akiwa msichana. Dada yangu aliinasa sauti hiyo kwa simu, kisha akaihamishia kwenye kompyuta "ili isipotee". Mimi, kwa haraka ya kutaka mashine itengemae, nilichomeka flashi yenye Linux niliyopewa na rafiki, nikawa najibu kila swali la kioo: ndiyo, endelea, ndiyo. Baada ya nusu saa mashine iliwaka vizuri kama mpya. Na kweli ilikuwa mpya, kwa maana haikuwa na kitu ndani. Dada aliponiuliza, "Kaka, na sauti ya mama?" sikuwa na jibu.

Lililonichoma zaidi nilijifunza baadaye. Flashi ile ile niliyoitumia kuifuta diski ingaliweza kuifungua, nikanakili kila kilichomo kwa utulivu, kisha ndipo nikaifuta. Basi hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote ni ya kulisindikiza: mfumo wa kompyuta hubadilishwa kwa saa moja, lakini kumbukumbu za jamaa haziuzwi dukani. Okoa kwanza, jaribu pili, futa mwisho.

Kwa nini mashine nzima huitwa mbovu?

Kompyuta ni vyombo pamoja na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoviamrisha vyombo hivyo. Mara nyingi vyombo huwa vizima na mfumo ndio uliochoka. Aghalabu mashine za juu ya kabati hutumia Windows 10, iliyotolewa mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida, yakiwemo marekebisho ya usalama. Mrithi wake, Windows 11, huzikataa mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 kwa sababu ya prosesa zao. Mashine hizo hazikufa siku ile. Lakini mashine isiyopata marekebisho ni kama nyumba yenye kitasa kibovu: waweza kulala humo, ila usiseme umefunga mlango.

Linux ni mfumo endeshi mwingine. Uliasisiwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Yeye aliandika kiini, akakiweka wazi ili kila mtu akisome, akirekebishe na kukigawa. Kiini hicho ndicho kilichomo ndani ya simu za Android, kwa hiyo huenda nawe umekuwa ukikitumia kwa miaka bila kujua jina lake.

Watu mbalimbali hukitwaa kiini hicho, wakakifunga pamoja na programu nyingine na kukipa jina. Funganya moja mashuhuri ni Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la lugha za kusini, nalo ni ndugu wa neno letu "utu". Juu ya msingi wa Ubuntu ikajengwa Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa familia iliyozoea Windows, maana orodha ya programu iko pale pale kwenye pembe ya chini kushoto, na mzee wa nyumba hatapotea njia.

Linux Mint huhitaji kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, isiyopungua gigabaiti 2, ingawa 4 ndizo zinazostarehesha. Diski nayo iwe na nafasi ya gigabaiti 20 au zaidi. Ikiwa mashine yako ina RAM ndogo, chagua toleo liitwalo Xfce, ambalo ni jepesi.

Namna ya kuanza

Tafuta flashi mbili. Ya kwanza iwe ya gigabaiti 8, nayo ndiyo itakayobeba Linux. Vyote vilivyomo vitafutwa, basi usichukue ya mtoto yenye kazi za shule. Ya pili iwe kubwa kadiri uwezavyo, kwa ajili ya kuokolea mali yako.

Kwenye kompyuta nzima ya jirani au ya ndugu, pakua Linux Mint kutoka tovuti yake yenyewe, linuxmint.com. Faili hilo hukaribia gigabaiti 3, kwa hiyo pima bando lako kwanza. Kulinakili tu kwenye flashi hakutoshi. Hapana budi liandikwe kwa programu maalumu kama Rufus au balenaEtcher, ambazo nazo hazilipiwi.

Zima kompyuta kuukuu, chomeka flashi ya Linux, kisha uiwashe huku ukibonyeza mara kwa mara kitufe cha kuchagulia pa kuanzia. Dell na Lenovo nyingi hutumia F12. HP nyingi hutumia Esc, kisha F9. Katika orodha itakayotokea, chagua flashi. Baada ya dakika chache utaona uwanja wa Linux kwenye kioo. Hapo usiogope: mfumo unaendeshwa kutoka kwenye flashi, na diski yako haijaguswa.

Sasa ndipo pa kuokoa. Fungua kabati la mafaili, utazame upande wa kushoto, nawe utaiona diski ya mashine. Ifungue, uingie kwenye folda iitwayo Users, kisha yenye jina lako. Humo mna picha, nyaraka, nyimbo na sauti. Chomeka flashi ya pili, uzinakili zote. Kisha ipeleke flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine, ufungue picha mbili tatu na sauti moja kwa macho na masikio yako. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu kuwa nakala.

Yako mambo mawili ya kuangalia hapa. Kama diski imefungwa kwa ufunguo wa siri, Linux itakuomba ufunguo huo. Utafute kwanza katika akaunti yako ya Microsoft. Na kama diski inatoa mlio wa kugongagonga, zima mara moja uipeleke kwa fundi, kwani kila dakika inayozunguka huenda ikakupotezea kitu.

Ukishaokoa, jaribu. Unganisha Wi-Fi, cheza wimbo, fungua kamera, andika sentensi inayopita vitufe vyote. Usiikasirikie ikiwa nzito kidogo. Flashi haina mbio za diski. Ukiona vyote vinafanya kazi, ndipo uweke mfumo kwenye diski yenyewe. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe na moto, maana umeme ukikatika katikati ya kazi itabidi uanze upya.

Katika kuweka, utafikia swali kubwa. Jibu moja huandikwa kwa Kiingereza "Erase disk", maana yake futa diski yote. Hilo ndilo nililolibonyeza mimi bila kusoma. Ikiwa diski ina nafasi, waweza kuchagua kuiweka Linux kando ya Windows, kila moja na chumba chake, na kila uwashapo utaulizwa uingie kipi.

Yakikupata matatizo

Tatizo la kwanza ni Wi-Fi kutoonekana. Hutokea hasa kwa mashine zenye kifaa cha Broadcom, ambacho mara nyingi huhitaji programu ya ziada. Usikate tamaa. Unganisha simu yako kwa waya wa USB, na kwenye simu uruhusu kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta itapata mtandao papo hapo. Kisha fungua programu iitwayo Driver Manager, nayo itakutafutia kinachokosekana.

Tatizo la pili ni kioo kuwa cheusi wakati wa kuanza. Washa upya, na katika orodha ya mwanzo chagua njia iliyoandikwa "compatibility mode". Mara nyingi hiyo humaliza kazi.

La tatu huwahangaisha wengi: intaneti ipo, lakini kila tovuti inakataa kufunguka, ikidai kwamba si salama. Tazama saa na tarehe. Mashine iliyokaa miaka kabatini aghalabu huwa imemalizikiwa na betri ndogo ya ndani, hivyo hudhani tungali katika mwaka uliopita zamani, na vyeti vya usalama vya tovuti huonekana si halali. Sahihisha tarehe. Ikirudi nyuma tena kila uzimapo, mwombe fundi abadilishe betri hiyo, ambayo mara nyingi ni kidonge cha aina ya CR2032.

La nne ni uzito usiokwisha hata baada ya Linux. Hapo mkosaji huwa diski ya zamani ya kuzunguka. Kuibadilisha kwa diski ya SSD huiharakisha mashine kuliko karibu jambo jingine lolote. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, anza na hicho.

Haifai pia nikufiche mapungufu. Microsoft Office haiwekwi kwenye Linux kwa njia ya kawaida. Badala yake mna LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi barua na majedwali ya Word na Excel, ingawa mpangilio mgumu huweza kuyumba kidogo. Ikiwa kazi yako yahitaji programu maalumu ya Windows, iulizie kabla ya kuhama, au uchague ile njia ya vyumba viwili.

Ndugu msomaji, mashine yetu ile ingali inafanya kazi. Mpwa wangu huandikia insha zake humo, na dada hutunzia hesabu za biashara yake. Kila mwisho wa mwezi hunakili kila kitu kwenye flashi mbili, moja hukaa kwake na moja kwangu. Hakuniambia kwa nini zinakuwa mbili, nami sijamwuliza.

Leo ni Jumapili, na huenda watu wa nyumbani mwako wote wapo. Ishushe kompyuta ile kutoka kabatini, uipanguse, uiweke mezani. Lakini kabla hujachomeka flashi wala kubonyeza kitufe chochote, mwite kila mmoja, tangu bibi hadi mtoto mdogo, umwulize swali moja tu: "Una kitu chako humu?" Kisha yaandike majibu kwenye karatasi, na usifute lolote mpaka kila mmoja akuambie kwamba amekwisha kukiona kitu chake mahali pengine.

Jumapili njema.