Mpangaji Anapoomba Choo Kigeuzwe

Aliyekabidhiwa nyumba za kupangisha, ziwe zake, za mayatima au za wakfu, hasumbuki kuamua juu ya bati linalovuja. Katika ijara mwenye nyumba ameuza manufaa ya kukaa; yakipungua pasina kosa la mpangaji, kuyarejesha ni juu yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 nayo inataka nyumba ya kuishi ibaki yenye kufaa muda wote wa upangaji. Taabu huja na ombi ambalo hakuna aliyelifikiria wakati wa kuandikiana.

Hapa Benaco maombi ya namna hiyo ni mengi. Mji umebaki na jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Mwaka 1994 ukapokea mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliovuka Rusumo. Leo unaishi kwa malori. Wapangaji hutoka kila upande, na kila mmoja huja na desturi za nyumba alikotoka.

Juzi mpangaji wa nyumba mojawapo ya wakfu wa msikiti alituandikia kwamba choo kinamwelekeza kibla, akaomba tundu ligeuzwe. Kwetu kibla ni kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo, na tundu kweli liko hivyo. Kikaoni mmoja alicheka. Mwingine akataka sakafu ivunjwe siku ileile.

Ombi lile si la kuchekwa. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuelekea kibla au kuipa mgongo wakati wa haja, na kwamba walipofika Sham wakakuta vyoo vimejengwa hivyo, walikuwa wakijipinda na kuomba maghufira. Lakini Ibn Umar (r.a.) alimwona Mtume (s.a.w.), juu ya nyumba ya Hafsa, ameipa Kaaba mgongo. Ndipo wanachuoni wa Kishafi wakaliweka katazo kwa mahali pa wazi. Ndani ya jengo si haramu, ingawa kuepuka ni bora. Basi nyumba haina kasoro inayoilazimu kamati, na pato la wakfu huanza kwa kuutunza wakfu wenyewe: nyumba ya pili ina ukuta uliopasuka. Tulimjibu kwa maandishi. Choo kitakapojengwa upya kitageuzwa. Akitaka sasa, ruhusa anayo, kwa gharama yake na kwa fundi tutakayemkubali.

Ombi la popo darini, ambalo wengi hulipuuza, ndilo zito zaidi. Kinyesi kikianguka kwenye chakula na maji, nyumba haifai tena, na gharama ni ya mwenye nyumba. Fundi hasizibe mchana, wala kabla makinda hayajaweza kuruka. Azibe jioni popo wakishatoka, kwa saruji na wavu wa chuma.

Mama mmoja naye aliomba mlango wa pili, ili asipite mbele ya wageni wa mumewe. Haja yake ni ya sitara, lakini kutoboa ukuta ni kubadilisha jengo la wakfu. Tulimruhusu uzio wa mabati uani, tukaandika tarehe, aliyelipa, na kwamba siku ya kuhama mabati ni yake, mashimo ya nguzo atayafukia.