Mvua ya Kagio Katika Kompyuta ya Nyumbani



Dada mmoja miongoni mwa wasomaji wetu, aliyehamia Kagio na mumewe kwa biashara ya mpunga wa Mwea, ametuuliza mambo mawili. Katika kompyuta yao ya Linux Mint, aweke kijiprogramu gani cha hali ya hewa? Na je, kukitazama kabla ya kuanika mpunga si kujitia katika ghaibu? Tunayajibu yote mawili, kwani mpunga ukilowa juu ya turubai ni riziki ya watoto iliyolowa.

Tuanze na la dini. Aya ya 34 ya Sura ya Luqman imetaja kuteremshwa kwa mvua pamoja na mambo ambayo elimu yake ni ya Mwenyezi Mungu. Mtabiri wa hali ya hewa hadai elimu hiyo. Hupima joto, upepo, unyevu na mgandamizo wa hewa, kisha hukadiria kwa hesabu. Ndiyo maana huandika asilimia. Asilimia 60 si ahadi ya mvua, wala si kipimo cha wingi wa maji. Wazee wetu wa pwani waliisoma Kaskazi na Kusi kabla ya kutweka tanga, na hiyo haikuwa ramli.

Ama kuchagua, sharti letu ni moja: kijiprogramu kikubali kuelezwa mahali kwa latitudo na longitudo. Kagio ni mji mdogo, na baadhi ya vijiprogramu hurukia mji mkubwa ulio jirani. Nyeri iko magharibi ya Mlima Kenya, juu zaidi, baina ya mlima huo na safu ya Aberdare. Kagio iko kusini, chini, karibu na mashamba ya Mwea. Wingu la Nyeri halilazimiki kufika Kagio.

Ikiwa kompyuta ina eneo-kazi la Cinnamon, dada yetu abofye utepe wa chini kwa kitufe cha kulia cha kipanya, afungue orodha ya apleti, apakue iitwayo Weather. Katika mipangilio yake, azime utafutaji wa mahali kwa njia ya intaneti, ambao waweza kumweka Nairobi, kisha aandike mwenyewe: -0.62,37.25. Alama ya kutoa isisahauliwe. Bila hiyo atakuwa amevuka Ikweta hadi nyika za upande wa Samburu, aambiwe jua ilhali kwake kunanyesha. Chanzo cha habari achague MET Norway, taasisi ya Norwei itoayo utabiri wa dunia nzima bila malipo. Joto liwe la Selsiasi, na habari zisasishwe kila dakika 60, bando lisiishe bure.

Kisha kwa wiki mbili alinganishe kijiprogramu na anga, na pia na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, hasa katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kikikosea mara kwa mara, abadilishe chanzo kwanza.

Kutazama utabiri ni kushika sababu, na kushika sababu hakupingani na kutawakali. Hata ikiandikwa asilimia 10, turubai la kufunikia liwe karibu, kwani kumi nayo ni mvua.

Wabillahi tawfiq.