Kabla ya lami Tarime na Mugumu, iulizwe mizigo inapita wapi

Mkulima wa ndizi wa milimani Tarime akipiga hesabu ya gharama zake, huanzia kwenye vibarua na mbolea na kuishia kwenye nauli ya gari. Kipande kinachomla zaidi kwa kila hatua hakimo kabisa katika hesabu hiyo. Ni ule mwendo mfupi wa mwisho, kutoka barabara kuu hadi mlangoni mwa soko, ambako gari linasimama kwa kukosa pa kushushia, mkungu unahamishiwa kwenye mkokoteni, mkokoteni unakwama kwenye mtaro usiofunikwa, na kila anayegusa mzigo anataka chake. Masika yakichanganya, bei ya huduma hiyo hupanda bila mtu kuulizwa.

Ndiyo maana suala la kuboresha barabara za miji ya Tarime na Mugumu haliwezi kuachiwa wahandisi na madiwani peke yao. Kila linapoibuka, mazungumzo huzungukia swali moja tu: lami itafika lini, na ni kilometa ngapi. Swali la mkulima na mchuuzi ni jingine. Mizigo inapita wapi, inashukia wapi, na maji ya mvua yanakwenda wapi? Mji unaojibu swali la kwanza na kulisahau la pili hujikuta umejenga lami nzuri ya kuegeshea malori.

Kwanza ni vyema mwananchi akajua barabara ni ya nani, maana wengi hupeleka kilio kwa asiyehusika. Barabara kuu inayotoka Mwanza na kupita Bunda, ikavuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi na kuendelea Tarime hadi Sirari mpakani na Kenya, iko chini ya TANROADS, wakala ulioanza kazi mwaka 2000. Ile inayotoka Tarime kupitia Nyamwaga na Nyamongo hadi Mugumu, kilometa zipatazo 87, nayo ni ya wakala huo huo. Mitaa ya ndani, yaani njia za kwenda sokoni, shuleni na zahanati, iko mikononi mwa TARURA tangu Julai 2017. Soko lenyewe, stendi na machinjio ni mali ya halmashauri. Na hizo halmashauri si moja: Mji wa Tarime una yake, Wilaya ya Tarime ina yake yenye makao makuu Nyamwaga, na Sirari, ambako fedha nyingi za biashara huzunguka, iko chini ya hiyo ya wilaya.

Hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Ofisi moja ikiinua tuta la barabara yake, maji huangukia kwenye mtaa wa ofisi nyingine. Ofisi ya pili ikichimba mtaro mbele ya soko, inafunga njia ya magari yanayolipa ushuru kwa ofisi ya tatu. Hakuna aliyekosea kwa mujibu wa kitabu chake. Anayelipa ni mama mwenye matenga ya nyanya ambaye gari limemshusha mita mia mbili kutoka kwenye meza yake.

Zamani, kabla ya TARURA, mhandisi wa barabara za mji alikuwa mtumishi wa halmashauri, na diwani aliweza kumbana kwenye kikao. Mabadiliko ya mwaka 2017 yalikuwa na sababu nzuri, kwani mafungu ya barabara katika halmashauri nyingi yalikuwa yakitawanywa vipande vipande kwa kuridhisha kila kata, na kazi ikawa ya kukwangua vumbi kila mwaka. Lakini yalileta pengo. Anayekusanya ushuru wa soko sasa hatengenezi barabara, na anayetengeneza barabara hakusanyi ushuru wa soko. Mfanyabiashara akilipa huku, hana hakika ya kusikilizwa kule.

Na fedha zinatoka wapi? Sehemu kubwa ya matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, ambao chanzo chake kikuu ni tozo iliyomo ndani ya bei ya kila lita ya petroli na dizeli. Kwa miaka mingi mgawo wake ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa barabara za halmashauri, ingawa za halmashauri zinazidi kilometa 100,000 nchini na zile nyingine ni kilometa 36,000 hivi. Bajeti ya mwaka 2021/22 iliongeza Sh100 kwa kila lita, mahususi kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA.

Chukua mfano wa kijana wa bodaboda pale Tarime anayechoma lita tatu kwa siku. Kwa nyongeza hiyo peke yake anachangia Sh300 kila siku. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni Sh90,000, mbali na tozo iliyokuwapo kabla. Bodaboda kumi kwenye kijiwe kimoja ni Sh900,000. Watu hao hawapaswi kwenda kwenye mkutano wa mtaa wameinamisha vichwa kama waliokuja kuomba msaada, wala kuambiwa kwamba wao ndio kero ya mji huku hawajatengewa hata mahali pa kusimama.

Mkulima naye anachangia. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na kumwondolea ushuru anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Nafuu hiyo ilikuwa ya haki, maana vizuizi vya barabarani vilikuwa vimegeuka mateso. Hata hivyo, ilimaanisha pia kwamba halmashauri zinazoishi kwa mazao zina senti chache za kutengeneza pale mazao yanapouzwa.

Kuna dhahabu, watu watasema. Mgodi wa North Mara uko Nyamongo, ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, na ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa asilimia ya mauzo hulipwa kwa halmashauri yenye mgodi, si kwa mji. Mikataba ya zamani ya migodi mikubwa iliweka malipo ya dola 200,000 za Marekani kwa mwaka, mauzo yapande yashuke. Asilimia ya mauzo ni afadhali sana. Lakini magari yanayohudumia mgodi, wafanyakazi wake na mizigo yake hayatambui mpaka wa halmashauri. Yanapita mjini, yanabomoa kingo za barabara mjini na kuleta biashara mjini. Halmashauri hizi mbili zilikuwa moja. Kukaa meza moja na kuchangia makutano mawili matatu yanayozihudumia zote si jambo la kusubiri waraka kutoka Dodoma.

Chanzo kingine ni mikopo ya Benki ya Dunia, na hapa kuna funzo ambalo Mkoa wa Mara wenyewe unalo nyumbani. Mradi wa kuimarisha halmashauri za miji uliojulikana kama ULGSP, ulioidhinishwa mwaka 2012, ulihusu miji 18, Musoma ikiwamo. Tarime haikuwamo. Fedha zake hazikugawiwa kwa usawa wa kila mmoja apate. Halmashauri zilipimwa kila mwaka kwa mipango, mahesabu na utekelezaji, na aliyefanya vizuri alipata zaidi. Mji uliokuwa na michoro tayari na vitabu safi ulijenga. Uliokuwa ukitafuta mpimaji baada ya fedha kutangazwa ulibaki nyuma.

Mradi wa TACTIC, nao wa Benki ya Dunia, umelenga halmashauri 45 za majiji, manispaa na miji. Tarime, kwa kuwa ni halmashauri ya mji, iko katika kundi hilo. Mugumu haimo. Mugumu ni makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ina soko, ina nyumba za wageni, inapokea mahindi, mtama, pamba na ng'ombe wa wilaya nzima, lakini si halmashauri ya mji, basi jina lake halifiki kwenye orodha. Sheria haina chuki na Mugumu. Inahesabu vyeo vya miji, haihesabu magunia.

Kwa hiyo Mugumu inahitaji mpango wake kuliko hata Tarime, maana haina mfadhili wa kuilazimisha kupanga. Na mpango huo uwe wa kweli. Kwa muda mrefu walikuwapo waliodhani mji huo ungekuwa kituo cha njia kuu ya kwenda Arusha kupitia hifadhini. Mwaka 2011 Serikali ilisema kipande cha kilometa 53 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kitabaki cha changarawe, na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikazuia lami humo, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la kutetea wanyama la Kenya. Malori makubwa ya kupita moja kwa moja hayatarajiwi. Mizigo ya Mugumu inatoka kwa njia mbili: kwenda Natta, Sanzate na Makutano upande wa Musoma, na kwenda Nyamongo na Tarime. Mitaa ya kuanza nayo ni ile inayounganisha soko na njia hizo mbili, hata kama mitaa ya ofisi za wakubwa itasubiri.

Tarime ni kinyume chake. Huko barabara kuu ya kimataifa inapita, Sirari iko kilometa zipatazo 20 mbele, na lori la kwenda Kenya linatumia njia moja na bodaboda aliyepakia mikungu mitatu. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania kwa siku chache kwa hoja ya sumukuvu, malori yalikwama mipakani. Mji wa njia ya mpakani usio na uwanja wa malori kusubiri huyapokea barabarani, mbele ya maduka ya watu, na dereva hana kosa.

Kazi za kuanza nazo si za gharama ya kutisha. Mifereji iliyofunikwa kuzunguka soko. Kalavati pana kwenye makutano. Eneo la kushushia mizigo lenye saa zake, tuseme alfajiri hadi saa mbili asubuhi, baada ya hapo gari kubwa litoke. Vijiwe vya bodaboda vilivyochorwa, kwani kanuni za usafiri wa pikipiki zipo tangu mwaka 2010 na hakuna sababu ya kuendelea kuwakimbiza kwa mgambo. Kwenye miinuko, ambako changarawe husombwa kila msimu, Mwanza wameonyesha kwamba barabara za mawe zinawezekana. Mawe Tarime si bidhaa ya kuagiza. Kazi ya kuyachonga na kuyapanga huacha fedha kwa vijana wa hapo hapo, na sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, vijana na wanawake wakiwamo. Lami ije baadaye, juu ya barabara ambayo tayari haina maji.

Lipo jambo ambalo wachuuzi hulikumbuka siku ya tingatinga. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande kutoka katikati. Ndipo zikaja alama za X: nyekundu kwa aliyeifuata barabara, ambaye hana fidia, na kijani kwa aliyefuatwa na barabara, ambaye anastahili fidia eneo lake likihitajika. Mwenye kibanda anayejenga kwa tofali bila kupima umbali wake anacheza kamari. Lakini na wapangaji nao wasijifanye wasafi. Zoezi la mwaka 2021 la kuwahamisha machinga lilionyesha katika miji mingi kwamba ukimpeleka mchuuzi mahali ambapo wateja hawapiti, atarudi barabarani baada ya wiki chache, na fedha za kumhamisha zimeshatumika. Njia ya watu wa miguu iliyo pana, yenye ukingo wa kuweka meza upande mmoja, inagharimu kidogo kuliko kufukuzana kila mwaka.

Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, lakini orodha ya miradi huanza kuandikwa miezi mingi kabla, kwenye vikao vya mitaa na vijiji, kisha kata, kisha baraza la madiwani. Anayekuja kulalamikia mtaro mwezi Mei, maji yakiwa dukani, amekuta bajeti imekwishafungwa. Vyama vya wakulima, wenye maduka, madereva wa Noah na bodaboda wa Tarime na Mugumu wanaweza kudai kitu kimoja katika vikao hivyo: karatasi moja yenye ramani ya mji, iliyosainiwa na TANROADS, TARURA na halmashauri, ikionyesha maji yanakoelekea, lori linaposhushia, bodaboda anaposimama, mchuuzi anapouzia, na jina la ofisi itakayolipia kila kipande. Ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kata, mahali ambapo mwenye gunia la mahindi anaweza kuisoma akisubiri gari.